Shmita: mwaka ambao shamba linabaki bila mwenyewe

Wasomaji wengi wa Biblia wameuona mwaka wa saba katika Walawi 25 wakaupita haraka, wakidhani ni likizo: watu wanakunja mikono, ardhi inapumzika, basi. Wayahudi wanaoushika mwaka huo, ambao wao huuita shmita, hawana likizo yoyote. Walimu wanafundisha, mafundi wanafunga mabomba, mabasi ya Jerusalem yanatembea, na mkulima naye mara nyingi yuko shambani tangu asubuhi. Kinachosimama ni umiliki. Kwa mwaka mzima mwenye shamba si mwenye mazao, na mwaka ukiisha, mdai hana tena la kudai. Ukianzia hapo, kanuni ambazo juu juu ni za ajabu, kama ile ya kuweka maganda ya tango katika mfuko wa peke yake, zinaanza kuingia akilini. (Likizo ya utafiti ya wahadhiri wa vyuo vikuu iliazima jina la sabato kutoka huku, na haikuazima zaidi ya jina.)

Torati inalitaja jambo hili mahali patatu, na kila mahali pana mkazo wake. Kutoka 23 inasema mazao ya mwaka wa saba waachiwe maskini, na watakayoyabakiza waachiwe wanyama wa mwituni. Walawi 25 inaipa nchi yenyewe sabato yake, na kuahidi kwamba mwaka wa sita utazaa chakula cha miaka mitatu. Kumbukumbu la Torati 15 haigusi shamba kabisa; inazungumzia madeni. Mwaka wa hamsini, yubile, unaofuata baada ya miaka saba mara saba, haushikwi siku hizi, kwa kuwa sharti lake ni makabila yote yawe yamekaa katika nchi yao. Shmita inashikwa, ingawa marabi wengi, yaani wanazuoni wa sheria ya Kiyahudi, wanaona kwamba kwa hali ya leo wajibu wake ni wa amri ya marabi, si wa Torati moja kwa moja. Tofauti hiyo ina uzito mkubwa: penye shaka katika amri ya marabi mtu hulegeza, na penye shaka katika Torati hukaza. Karibu kila unafuu utakaoelezwa hapa chini umesimama juu ya nguzo hiyo.

Kuujua mwaka wenyewe ni rahisi. Chukua mwaka wa kalenda ya Kiyahudi, ugawe kwa 7. Kisipobaki kitu, ni shmita. Mwaka 5782 ulikuwa shmita, kuanzia Septemba 2021 hadi Septemba 2022. Unaofuata ni 5789, utakaoanza jua likizama tarehe 20 Septemba 2028 na kwisha jua likizama tarehe 9 Septemba 2029.

Mahali nako kuna mpaka. Sheria ya ardhi inahusu Nchi ya Israeli tu, na ndani yake kuna daraja: maeneo waliyokaa waliorudi kutoka Babeli yamefungwa na sheria kamili, na yale ya nje ya mipaka hiyo yamelegezwa. Ndiyo maana mboga za kusini mwa bonde la Arava hutafutwa sana mwaka wa shmita. Mjadala wa mipaka ni wa kale. Katika magofu ya sinagogi la Rehov, karibu na Beit She'an, wachimbaji wa miaka ya 1970 walikuta sakafu ya mozaiki yenye mistari 29 ya maandishi, na karibu yote inataja mji kwa mji na zao kwa zao: hili limekatazwa hapa mwaka wa saba, lile limeruhusiwa pale. Waumini waliikanyaga orodha ya soko lao kila walipoingia kusali. Kwa mpaka huohuo, Abayudaya, jumuiya ya Wayahudi wa Mbale iliyoanzishwa na Semei Kakungulu, hawalazimiki kulaza mashamba yao, kwa kuwa ardhi ya Uganda haimo. Sheria ya madeni ni tofauti: hiyo inamfuata Myahudi popote alipo.

Tuingie shambani. Kazi zilizokatazwa na Torati kwa jina ni nne: kupanda, kupogoa, kuvuna na kuchuma zabibu. Kulima kwa jembe au plau kumekatazwa pia, ila wanazuoni wanabishana kama ni kwa Torati au kwa marabi. Kumwagilia, kutia mbolea, kupalilia na kupiga dawa ni makatazo ya marabi, na hapa kuna kipimo kimoja anachopaswa mkulima kukijua kuliko vyote: kazi ya kuzuia mti usife inaruhusiwa, kazi ya kuunenepesha hairuhusiwi. Hivyo bomba la matone halifungwi mwaka mzima. Maji hupunguzwa hadi kiasi cha kuuweka mti hai. Dawa ya wadudu hupigwa mdudu akishaonekana na mti uko hatarini, wala haipigwi kwa ratiba ya kila mwaka. Magugu hufyekwa juu ya ardhi, hayang'olewi na mizizi, kwa sababu kung'oa kunaitifua ardhi na kuiandaa kwa kupanda.

Anayesumbuka zaidi ni mwenye mizabibu. Mzabibu hupogolewa majira ya baridi, na majira hayo yanaangukia katikati ya shmita. Usipopogolewa, matawi yanatambaa ovyo na mavuno ya mwaka wa nane yanaharibika. Baadhi ya marabi huruhusu kukata kwa namna isiyo ya kawaida, kiasi cha kuuokoa mzabibu tu, na kila shamba huulizia lake. Mwenye ngano ana hesabu nyepesi. Ngano hupandwa mwanzoni mwa mvua za Novemba. Asipopanda, hana la kuvuna, amekwisha. Kwa mlaji hasara hiyo haionekani sana, maana ngano nyingi inayoliwa Israeli hutoka nje.

Basi mti umezaa wenyewe. Tunda hilo ni la nani? Ni la yeyote apitaye. Mwenye shamba anatakiwa aache lango wazi, na yeye mwenyewe achume kama wengine, kiasi cha matumizi ya nyumba yake, si tani za kupeleka sokoni. Na tunda lina utakatifu, ambao ndio unaotawala jikoni kwa miezi mingi inayofuata. Limepewa watu walile, kwa hiyo lisiharibiwe, lisifanyiwe biashara, wala lisitolewe nje ya nchi.

Kutoliharibu kunaanzia kwenye kupika. Kinacholiwa kibichi kiliwe kibichi, kinachopikwa kipikwe. Zabibu zigeuzwe divai na zeituni mafuta kwa kuwa hayo ndiyo matumizi yake ya siku zote. Maganda na makombo ambayo mtu au mnyama bado anaweza kuyala hayatupwi kwenye taka. Huwekwa katika pipa dogo la pekee mpaka yaoze yenyewe, kisha hutupwa. Kosa la wengi ni kutumia mfuko mmoja kwa wiki nzima: maganda ya leo yakimwagwa juu ya yaliyooza jana yanaozeshwa nayo, na huko ni kuharibu kwa mikono. Dawa yake ni mfuko mmoja kwa kila siku. Kokwa ngumu zisizo na nyama yoyote hazina shida, zitupe. Divai ya shmita nayo ina adabu zake. Usiku wa Pasaka watu huchovya kidole na kumwaga matone wakitaja mapigo ya Misri, na Sabato ikitoka wengine hufurisha kikombe au kuzimia mshumaa ndani ya divai. Kwa divai yenye utakatifu huu, hayo yote huachwa.

Kuna wakati pia wa kukitoa chakula ghalani. Zao likishakwisha mashambani, wanyama wa mwituni wakawa hawalipati, mwenye nyumba haruhusiwi kuendelea kulilimbikiza. Anabakiza cha kutosha milo mitatu kwa kila mtu wa nyumba yake, kinachozidi anakitoa nje na kutangaza mbele ya watu watatu kwamba hakina mwenyewe. Asipokichukua mtu, anaweza kukirudisha ndani. Talmudi, mkusanyo wa mafundisho ya marabi wa kale, imetaja nyakati za mazao manne: tini hadi Hanuka, tende hadi Purimu, zabibu hadi Pasaka, zeituni hadi Shavuoti. Sikukuu hizo zote ni za mwaka wa nane.

Kwa nini mwaka wa nane? Hapa ndipo wageni wa jambo hili, na hata wenyeji, hupotea. Mboga huhesabiwa kwa siku ya kuchumwa, tunda la mti kwa wakati lilipofunga kutoka kwenye ua. Nyanya iliyochumwa wiki ya pili ya shmita tayari ni ya shmita. Chungwa lililochumwa siku hiyohiyo ni la mwaka wa sita, halina sharti lolote, kwa sababu lilifunga miezi mingi nyuma. Matunda yenye utakatifu huanza kuonekana madukani kuanzia majira ya kuchipua ya mwaka wenyewe, na huendelea hadi ndani ya mwaka wa nane, wakati watu wengi wameshasahau. Divai husubiri zaidi, kwani chupa ya mavuno ya shmita inaweza kufunguliwa miaka mitano baadaye nayo bado ni ya shmita.

Mboga zina kizuizi kingine. Kwa Torati, kilichojiotea shambani kingeweza kuliwa. Lakini zamani wapo waliokuwa wakipanda kwa siri, kisha wakisema yameota yenyewe, hivyo marabi wakapiga marufuku mboga na nafaka zote zilizojiotea mwaka huo, huitwa sefihini. Miti haikuguswa, kwa kuwa hakuna apandaye mwembe usiku akauvuna wiki ijayo. Kwa hiyo matunda ni suala la adabu, mboga ni suala la kupatikana kabisa.

Na hapo swali gumu: taifa zima lile nini? Zamani jibu lilikuwa njaa, wakati mwingine. Kitabu cha Kwanza cha Wamakabayo kinaeleza jinsi waliozingirwa Beth-zuri walivyoshindwa kwa sababu nchi ilikuwa katika mwaka wa saba na ghala halikuwa na kitu. Mwanahistoria Josephus anaandika kwamba Julius Caesar aliwasamehe Wayahudi ushuru katika mwaka huo. Baada ya karne nyingi ambazo Wayahudi wa nchi ile walikuwa wachache na wakulima wao wachache zaidi, swali lilirudi kwa kishindo mwaka 1888–89, makazi mapya ya wakulima wa Kiyahudi yalipofikia shmita yao ya kwanza.

Njia iliyopatikana ni heter mekhira, ruhusa ya mauzo: ardhi inauzwa kwa mtu asiye Myahudi kwa muda, na shamba lisilo la Myahudi halifungwi na makatazo kwa namna ileile. Rabi Yitzchak Elchanan Spektor wa Kovno, Lithuania, aliikubali kwa masharti. Yehoshua Leib Diskin wa Jerusalem aliipinga. Shmita ya 1909–10, Abraham Isaac Kook, wakati huo rabi wa Jaffa, aliitetea kwa hoja ndefu, huku Yaakov Dovid Wilovsky wa Safed akiishambulia. Kook hakuipenda; aliiona kama dawa ya dharura. Alitaka hata baada ya mauzo zile kazi nne za Torati zifanywe na wasio Wayahudi, sharti ambalo watu hulisahau wanaponukuu ruhusa yake. Leo Urabi Mkuu wa Israeli, ofisi ya marabi wakuu wa nchi, hukusanya hati za uwakala kutoka kwa wakulima, kisha huiuza ardhi hiyo kwa mkataba.

Pingamizi ni mbili. Ya kwanza: Torati inakataza kuwapa wasio Wayahudi sehemu katika nchi (Kumbukumbu 7:2), basi unaponya kosa kwa kosa. Watetezi hujibu kwamba mauzo ni ya muda tu, tena kwa mtu ambaye si mwabudu sanamu. Ya pili ni nzito zaidi kwa maoni yetu: je, ni mauzo kweli? Mkulima anaamka kesho yake kwenye shamba lilelile, trekta lilelile, na anayesema ameuza hajui ameuza kwa bei gani. Mwaka 2007 mvutano ulifika mahakamani. Urabi Mkuu uliwaruhusu marabi wa miji kukataa kuyapa vyeti vya kosheri (vya kuthibitisha kwamba chakula kinafuata sheria ya Kiyahudi) maduka na mikahawa yenye mazao ya ruhusa hiyo, na Oktoba mwaka huo Mahakama Kuu ikaamua kwamba rabi wa mji akikataa, Urabi Mkuu lazima uweke mwingine wa kuvitoa.

Wasioikubali ruhusa wana ghala la mahakama, otzar beit din, lenye mizizi katika mafundisho ya karne za kwanza. Mahakama ya marabi inachukua mazao yasiyo na mwenyewe kwa niaba ya umma, inamwajiri mkulima awe wakala wake, inalipia kuchuma, kusafirisha na kuhifadhi, kisha inagawa. Mlaji analipa gharama za kazi, si bei ya tunda. Ukiisoma risiti vizuri, hiyo ndiyo tofauti yote. Njia hii inalinda utakatifu kuliko ile ya mauzo, na tunaiona kuwa ya uaminifu zaidi kwa maandiko. Ila inafaa kwa matunda na divai. Kwa mboga inasaidia wiki za mwanzo tu, kwa zile zilizopandwa na kuota kabla ya mwaka kuanza. Na bei ikitoka sawasawa na ya duka la jirani, mnunuzi ana haki ya kuuliza hiyo gharama ilihesabiwaje.

Baki ya pengo huzibwa kwa njia kadhaa. Mboga hukuzwa ndani ya vibanda, katika vyombo vilivyotenganishwa na ardhi kwa sakafu au karatasi nzito, paa juu. Kitundu kimoja cha mizizi kupenya hadi udongoni kinaweza kuuharibu mpango wote, ndiyo maana wakaguzi hupita mara kwa mara. Nyingine hutoka Arava, Jordan, au kwa wakulima Wapalestina. Machi 2015, katikati ya shmita, Israeli ilinunua nyanya na bilinganya za Gaza kwa mara ya kwanza tangu 2007. Hata hapa hawaafikiani: desturi ya Jerusalem inasema zao la asiye Myahudi halina utakatifu, ilhali wafuasi wa rabi Avraham Yeshaya Karelitz wa Bnei Brak wanalitendea kama takatifu, maganda yake na yote. Ubishi huo umeanzia Safed ya karne ya 16. Na wapo wakulima wanaoacha kabisa, kama wa kijiji cha Komemiyut, waliojulikana tangu shmita ya 1951–52. Hao huishi kwa akiba, kwa mifuko ya michango na kwa posho.

Dukani kuna tatizo la fedha. Fedha iliyolipwa kwa tunda takatifu inabeba utakatifu wa tunda hilo, na haifai kumwachia muuzaji asiyejua. Desturi ni kulipia kwa mkopo, au kuimeza bei ndani ya bidhaa nyingine: unalipia sanduku, tunda linakuja nalo. Pia halipimwi kwa mizani kama kawaida. Huuzwa kwa kukadiria fungu.

Sasa madeni. Jua likizama siku ya mwisho ya shmita, 29 Eluli, kila mkopo ulioiva kati ya Myahudi na Myahudi unaachiliwa. Mkopo ambao siku yake ya kulipwa ni baada ya hapo haufutwi. Mshahara haufutwi. Daftari la dukani halifutwi, mpaka mtakapokaa na kuligeuza kuwa mkopo rasmi. Mkopo uliowekewa rehani iliyo mkononi mwa mdai nao unabaki. Mdaiwa akija kulipa baada ya hapo, mdai anatakiwa aseme, "Nimeachilia". Mdaiwa akijibu kwamba hata hivyo anataka kulipa, apokee.

Torati yenyewe iliona hatari: Kumbukumbu 15:9 inamwonya mtu asimnyime maskini mkopo kwa kuwa mwaka wa saba u karibu. Watu wakanyima hata hivyo. Hati moja iliyopatikana katika mapango ya Wadi Murabba'at, ya mwaka wa pili wa Nero, Kaisari wa Roma, inamfanya mdaiwa aahidi kulipa hata kama ni mwaka wa maachilio. Miongo kadhaa kabla yake mwalimu mkuu Hilleli alikuwa ameweka prozbuli: mdai anaandika mbele ya waamuzi kwamba anawakabidhi madeni yake yote, ayadai wakati wowote. Kinachofutwa ni deni lililo mkononi mwa mtu binafsi. Lililokabidhiwa mahakamani linasalimika. Hati ni ya mistari michache, inatiwa saini mbele ya waamuzi watatu, na inapaswa kukamilika kabla jua halijazama 29 Eluli. Inayoandikwa asubuhi ya mwaka wa nane haifai kitu. Sharti linalosahauliwa ni ardhi: mdaiwa lazima awe na kipande, hata kama ni cha shina moja la kabichi. Kama hana, mdai anaweza kumzawadia kiasi hicho katika ardhi yake mwenyewe, na prozbuli ikasimama. Kwa umasikini wa mkopaji, Hilleli alifungua mlango; kwa yule tajiri ambaye angeweza kusamehe bila kuumia, alifungua pia kisingizio, na wapo marabi wanaoshauri kila mtu aache angalau mkopo mmoja mdogo nje ya hati, auachilie kweli.

Kwa 5789 kazi inaanza mapema. Miti ya matunda yenye mizizi mitupu iwe imepandwa kabla ya 15 Avu, yaani 7 Agosti 2028. Mboga zitakazokusudiwa kuliwa zipandwe na ziwe zimechomoza kabla ya 20 Septemba. Bustani za maua hupandwa za kudumu badala ya za msimu, vyungu vya ndani vikaguliwe visiwe na tundu, na bwana shamba aitwe kupanga kiwango cha chini cha maji kwa kila aina ya mti. Mwenye mizabibu amtafute rabi wake sasa, maana majira ya kupogoa yakishafika atapewa jibu la haraka, na majibu ya haraka katika shmita huwa ya kukataza.